Ndoo ya Hospitali

Kwetu, zamani, mtu aliugua kwanza, kisha akatafuta maji, na maji yakishapatikana ndipo akaenda hospitali. Wajukuu zangu wakinisikia nikisema hivyo hutazamana, wakidhani bibi yao ameanza kuchanganya mambo. Sijachanganya. Ndivyo ilivyokuwa, na leo nimestaafu, nina muda wa kutosha wa kukaa barazani na kuyakumbuka, naona vyema niyaandike kabla sijaanza kuchanganya kwelikweli.

Nyumbani ni upande wa Kitangari, juu ya uwanda. Anayepajua anajua habari ya maji ya kule. Ardhi ni nzuri, mikorosho inakubali, muhogo unakubali, mbaazi usiseme. Lakini maji yako chini bondeni, na sisi tuko juu. Kushuka ni raha. Kupanda na ndoo kichwani ndiko kulikotufanya wanawake wa kwetu tuwe na shingo hizi. Mama alikuwa akivunja kitawi cha majani na kukiweka juu ya maji ili yasichezecheze njiani, na mimi nilimfuata nyuma na kidumu changu, nikihesabu matone yaliyokuwa yakidondoka kwenye kisigino chake.

Hospitali ya misheni nayo ilikuwa juu, na ilikuwa na kiu vilevile. Ilikuwa na mapaa makubwa ya bati, na mifereji iliyoingiza maji ya mvua kwenye tangi la saruji pembeni mwa wodi ya wazazi. Masika tangi lilijaa mpaka likafurika. Ikifika miezi ya jua kali ukilipiga kwa kiganja lilitoa sauti ya utupu. Kwa hiyo kulikuwa na desturi ambayo sikuwahi kuiona imeandikwa popote: anayekwenda hospitali, awe mgonjwa au anamtazama mgonjwa, anakwenda na ndoo ya maji. Aliyezidiwa alibebwa kwanza, na maji yakamfuata kesho yake. Lakini yalimfuata.

Pale kwenye tangi alikaa mama mmoja mwajiriwa wa hospitali, mikono minene, sauti ya kuita ng'ambo. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe mdomoni mwa tangi, maji yachujike. Unafika, unamwamkia, anaitika marahaba bila kukutazama usoni, maana alikuwa akiyatazama maji. Akiridhika anasema, "Mimina, pita." Basi. Ukishamwaga ndoo yako umeshaingia hospitali. Nesi ndani hakukuuliza kitu kingine isipokuwa unaumwa wapi.

Sisemi kwamba hospitali ilikuwa ya bure. Kulikuwa na chumba cha mhasibu nyuma, karibu na stoo, na aliyekuwa nacho alikwenda huko akishapona, peke yake, akatoa. Aliyekuwa hana hakwenda. Hayo yalibaki kati yake na mhasibu. Mlangoni kilichoonekana ni ndoo tu. Mke wa mwalimu mkuu alisimama kwenye foleni ile na ngata yake kichwani, nyuma yake mjane aliyekula mara moja kwa siku, na wote wawili mabega yalikuwa yamelowa. Waislamu tulisimama pale, Wakristo walisimama pale. Mama yangu alinipeleka hospitali ile kwa homa, kwa jino, kwa kidonda cha mguu ambacho alama yake ninayo mpaka leo, na hata sasa sijui ni siku zipi alikwenda kwa mhasibu na ni siku zipi alikuwa hana. Sikuwahi kujua kama tulikuwa maskini. Nimekuja kulijua hilo ukubwani, kwa hesabu zangu mwenyewe.

Nakumbuka siku nilipokuwa na homa, nimefungwa mgongoni kwa kanga, na ndoo iko kichwani mwake. Kila alipokanyaga vibaya tone lilinidondokea shingoni, baridi, na mimi nililia kwa sababu lilikuwa zuri na halikutosha. Ninaweza kulisikia tone lile hata sasa.

Wageni waliokuja kwa basi kutoka Masasi, au ndugu wa Lulindi, bondeni ambako watu wana visima karibu, hawakuijua desturi hii. Walifika getini mikono mitupu, wakatutazama tulivyosimama na ndoo, wakadhani wamekosea wakafika bombani. Tuliwacheka kidogo, ndiyo. Kisha aliyekuwa karibu alimmegea mgeni maji kwenye sufuria yake ili naye awe na cha kumimina. Mama alimegea watu wengi. Nilikuwa nikinuna, kwa sababu mimi ndiye niliyeujua mlima, lakini aliniambia kwa ukali kwamba mtu haingii mle akijisikia hana kitu. Nilikuwa mtoto, nikadhani anazungumzia maji.

Nilisoma, nikabahatika, nikaajiriwa. Nilianza kazi Masasi, baadaye nikahamishiwa Newala, nikawa afisa mapato wa halmashauri. Kwa mtu asiyejua, afisa mapato ni yule ambaye akiingia sokoni wauza dagaa wanakumbuka ghafla kwamba wana dharura nyumbani. Msimu wa korosho nilisimama kwenye vizuizi, nikakagua vibali, nikageuza magari. Nilikuwa mkali, na nilikuwa najivunia. Niliona kwa macho yangu ushuru wa mama muuza vitumbua unavyogeuka dawati la shule. Sikuwa na subira na mtu aliyesema yeye ni mtu maalumu. Nilipenda jambo liwe kwenye karatasi, lina mhuri, lina sahihi. Sahihi yangu yenyewe nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu shuleni, ina mkia mrefu unaozunguka na kurudi kujikata.

Ndipo likaja suala la hospitali.

Wakati huo hospitali ya misheni ilikuwa imekua. Ilikuwa imejenga nyumba ya wageni yenye vyumba vya kujitegemea, imefungua duka kubwa la dawa barabarani ambalo hata wasio wagonjwa walinunua, na ilikuwa ikikodisha ukumbi kwa harusi. Ushuru wa huduma ilikuwa hailipi, ada ya bango ilikuwa hailipi. Ilisema yenyewe ni huduma, haitafuti faida. Madiwani wakaanza kunung'unika. Mmoja, ambaye zahanati ya kata yake ilikuwa imesimama bila paa mpaka popo wakahamia, alisema mbele ya kikao: "Mama wa vitumbua analipa, mwenye duka la dawa la mtu binafsi analipa, hawa wenye nyumba ya wageni hawalipi. Paa la zahanati yangu litatoka mbinguni?" Watu wakapiga meza. Mwingine akajibu kwamba kila shilingi tutakayoichukua pale itatoka kwenye dripu ya mtu, na kwamba wakati serikali ilikuwa haina hata vidonge, ni misheni iliyowazalisha mama zetu sisi wote tuliomo humu ndani. Nao wengine wakapiga meza.

Wote wawili walikuwa na haki, na mpaka leo naona hivyo. Lakini mkurugenzi alitaka jambo liishe, akanigeukia mimi. Akaniambia andika barua, weka utaratibu.

Niliiandika asubuhi moja nikiwa nimenywa chai vizuri. Niliandika kwamba halmashauri iko tayari kuisamehe hospitali ushuru wake, iwapo kila mwaka italeta orodha ya majina ya wagonjwa iliowatibu bila malipo, pamoja na uthibitisho wa hali ya kila mmoja: mali aliyonayo, anayemtunza, na barua ya mtendaji wa kijiji chake. Neno uthibitisho nililipenda sana. Nikaweka sahihi, mkia ukazunguka ukajikata, mhuri ukagongwa. Niliona nimewatendea haki wote wawili, mwenye paa na mwenye dripu. Anayesema anasaidia maskini atuoneshe maskini wake. Nani angeikataa hoja hiyo?

Hospitali haikuikataa. Mwaka uliofuata orodha ikaja, imechapwa safi, imejaladiwa. Nilifurahi jinsi mwalimu anavyofurahi kuona daftari la mwanafunzi nadhifu. Hospitali ikasamehewa. Mwaka wa pili vilevile. Kwenye semina moja Masasi nilisimama nikaieleza kama mfano wa kuigwa, wenzangu wakaandika.

Mwaka uleule mradi wa maji ulifika kwetu, bomba likapita hadi hospitali. Siku moja nilipita pale na gari la halmashauri, nikaona tangi la zamani limefunikwa kwa zege na juu yake kijana anauza vocha za simu. Foleni ya ndoo hakuna. Nikasema moyoni, maendeleo hayo. Nilihuzunika kidogo jinsi mtu anavyohuzunikia shule yake ya zamani ikipakwa rangi nyingine, kisha nikaendelea na safari yangu.

Sasa nije kwa mama.

Nilikwenda nyumbani sikukuu ya Idi. Mama alinimiminia chai, na chai ikamwagika pembeni mwa kikombe, kwenye mkeka. Akacheka, akasema mkono umezeeka. Nikamtazama akichambua mbaazi: hakuwa akizitazama, alikuwa akizipapasa. Nikamshika kidevu nikamgeuzia kwenye mwanga, nikaona ukungu umetanda kwenye macho yote mawili, la kushoto limekuwa jeupe kabisa.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimeshayazoea," alisema, akaendelea na mbaazi zake.

Niligomba. Mimi nikigomba husikika nyumba ya tatu. Nikamwambia hospitali ile pale, amekwenda maisha yake yote, leo amepatwa na nini, anataka niseme nini kwa watu, kwamba mama wa afisa anapofuka nyumbani? Alikusanya maganda akaenda kumtupia mbuzi.

Aliyenijibu ni jirani yake, shoga yake wa kuchota maji tangu usichana, ambaye namwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja. Alikuwa amesikia, nani asingesikia? Akanifuata nyuma ya nyumba, akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama ilivyo adabu kwetu.

"Usimgombeze mama yako," akasema. "Alikwenda. Mwaka wa tatu huu. Nilikwenda naye mimi."

Akanisimulia. Ilikuwa miezi ya njaa, korosho bado ziko mitini, na fedha niliyokuwa nimemtumia ilikuwa imekwenda kwenye bati, maana paa lilivuja. Jicho likawa linamsumbua. Akachukua ndoo yake, akashuka bondeni, akapanda, wakaenda. Getini mlinzi akawaambia maji hayapokelewi tena, tangi limefungwa, asiye na fedha apite kwenye dirisha. Dirisha lilikuwa pale mapokezi, mbele ya mabenchi yote. Ndani alikaa binti mdogo mwenye fomu.

"Anauliza kwa sauti, mwanangu, nadhani ndivyo walivyomfundisha. Una shamba? Mikorosho mingapi? Mbuzi? Una watoto? Wanafanya kazi gani? Nani anakutunza? Barua ya mtendaji iko wapi? Na watu wote wale kwenye mabenchi wametulia wanasikiliza. Alikuwepo hata yule tuliyeozeshana naye, mkwe wa dada yako."

"Mama akasemaje?"

"Alisimama. Kisha akamuuliza yule binti jambo, sikulisikia, mimi nilikuwa mbali nimeshika ndoo. Binti akamjibu. Mama yako akarudi, akachukua ngata akaiweka kichwani, akaniambia nimtwike. Nikamtwika, tukarudi."

"Na maji?"

"Alirudi nayo. Yote. Hakumwaga hata tone. Tulipikia ugali."

Nilikaa juu ya kinu. Nimewahi kuona mama amebeba ndoo kwenda hospitali mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini ndoo iliyojaa ikirudi kutoka hospitali, sikuwahi hata kuiwaza. Uchungu ukageuka hasira, maana hasira naijua zaidi. Nilikuwa na mkoba wangu ndani, na ndani ya mkoba kulikuwa na jalada la msamaha wa mwaka ule, likisubiri pendekezo langu liende kamati ya fedha. Nikasema, leo watanijua.

Sikukuu ilipokwisha nikaenda moja kwa moja ofisini kwa katibu wa hospitali. Ni mzee wa makamo, mpole, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Shikamoo nilimpa, hasira haiondoi adabu, akaitika marahaba, akanikaribisha kiti. Sikukaa.

"Mama yangu amepofuka jicho," nikamwambia, "kwa sababu ya dirisha lenu. Mlikuwa mnapokea ndoo. Hospitali hii imejengwa kwa ndoo za mama zetu. Leo mmepata bomba, mmeona ndoo ni uchafu, mnawasimamisha wazee mbele za watu na kuwauliza idadi ya mbuzi. Kisha mnakuja kwetu kuomba msamaha wa ushuru, eti ninyi ni huduma. Huduma gani hiyo? Mwaka huu mtalipa. Mtalipa kila kitu, mpaka bango."

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Hakukasirika, na kutokasirika kwake kulinichoma zaidi. Alisema pole kwa ajili ya mama, akasema kwa namna ya mtu anayemaanisha. Kisha akainuka, akafungua kabati la chuma, akatoa jalada, akalifungua mahali alipokuwa anapajua, akalisukuma mbele yangu.

Niliona mkia kabla ya kuona maneno. Ulikuwa umezunguka na kujikata, mzuri kabisa.

"Ndoo haina jina, afisa," akasema taratibu. "Mtu akimimina, amemimina. Sisi hatukujua ni nani hana na ni nani amesahau. Mhasibu alijua baadhi, na hakuandika. Barua hii ilipokuja tulikaa siku mbili tukijiuliza. Tukiiacha ndoo iendelee, wote watapita kwenye ndoo, na dirishani hatapita mtu. Halafu ninyi tutawaletea nini mwisho wa mwaka? Karatasi nyeupe? Ndipo tukalifunga tangi."

"Mlifunga kwa sababu ya bomba."

"Bomba lilikuja miezi mingi baadaye. Na linatoka mara moja kwa wiki. Maji ya kufulia mashuka hapa tunanunua kwa maboza."

Nikakaa kile kiti.

Nikaomba orodha. Nilizifungua zote, mwaka baada ya mwaka, zile zile nilizokuwa nimezisifia kwenye semina. Majina, vijiji, idadi ya mikorosho, idadi ya mbuzi, jina la anayemtunza. Nilikuwa nimezipitia mara ngapi kwa kalamu nyekundu, nikihakikisha hakuna nafasi iliyoachwa wazi? Nikamuuliza, wale waliofika dirishani wakageuka, mnawaandika wapi?

"Hao hawana orodha," akasema.

Nilimpeleka mama siku daktari wa macho alipofika kwa zamu yake. Alikubali kwenda baada ya kubembelezwa, na alitaka kubeba ndoo. Nikamwambia mama, ninalipa, nina kadi ya bima, ndoo ya nini? Akanitazama na macho yale yasiyoona, akaiacha mlangoni. Daktari alikuwa kijana mstaarabu, akamshika mkono akamweleza polepole: la kulia tutalitoa utandu, utaona. La kushoto lilikaa mno, limeharibika ndani. Lingekuja mapema lingekuwa kazi ndogo. Aliposema mapema alinitazama mimi, kama wanavyowatazama watoto wa wagonjwa, na mimi nikatazama sakafu.

Kisha nikaandika pendekezo langu. Niliandika lile ninaloliamini mpaka leo: nyumba ya wageni ilipe, ukumbi wa harusi ulipe, duka la barabarani lilipe, maana kitanda cha mgeni wa semina ni kitanda cha biashara hata kikiwa na picha ya mtakatifu juu yake, na zahanati zetu zinahitaji mapaa. Wodi zisilipe. Na kwa wodi, tusidai jina la mtu yeyote.

Kamati ya fedha ilipokea sehemu ya kwanza kwa makofi. Ya pili ikawashangaza. Diwani mmoja akauliza, "Sasa tutajuaje kama kweli wanatibu maskini?"

"Hatutajua," nikasema. "Enzi za ndoo hatukujua vilevile."

Wakacheka. Wengi wao walikuwa vijana, ndoo hawakuikuta. Mkuu wa kitengo changu, mtu niliyemfundisha kazi mwenyewe, akainuka kwa heshima zote akasoma barua yangu ya zamani, aya kwa aya, akasema hatuwezi kurudi nyuma na kuuacha utaratibu mzuri ambao mama yetu huyu alituwekea. Makofi tena. Orodha inaendelea kuletwa hadi leo. Dirisha lipo. Mwaka huohuo nikastaafu, wakanipa jagi la chai na vikombe sita, na hotuba iliyonisifu kwa uwazi na uwajibikaji.

Nilirudi kukaa nyumbani, karibu na mama. Miezi ikapita sijamwambia. Nilikuwa najiambia hajui kusoma, barua hajaiona, kwa nini nimtie mzigo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nimekabiliana na madereva wa malori ya magendo usoni, lakini mama mmoja mwenye jicho moja aliyekaa na ungo wa mbaazi mapajani alinishinda.

Alasiri moja nikasema. Nilisema nikiangalia mbaazi.

"Mama, lile dirisha la hospitali, mimi ndiye niliyeliweka. Ile barua iliyowafanya wafunge tangi niliiandika mimi."

Vidole vyake havikusimama.

"Najua," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Siku ile nilimuuliza yule binti, haya maswali yametoka wapi, mbona zamani hayakuwepo. Akaniambia ni agizo la halmashauri, la afisa mapato. Akalisoma na jina, lako, mpaka la baba yako." Alipapasa ganda moja, akakuta ni tupu, akalitupa. "Hakujua mimi ni nani. Akarudia tena kuniuliza: bibi, nani anakutunza? Sasa mwanangu, ningesema sina mtu, na karatasi imeandikwa na mtu wangu?"

Niliokota ganda alilolitupa.

"Na ningesema ninaye," akasema, "wangekuuliza wewe kwa nini nimekuja na ndoo."

Alinipa ungo nimalizie. Akasema maji ya kupikia yamekwisha, na bomba wiki ile halikuwa limetoka. Nilimaliza zile mbaazi, nikachukua ndoo yake na ngata, nikashuka bondeni.